Skolashipu ya MEXT Japani: hela ipo, ila profesa ndo kila kitu

Nyota 4 kati ya 5. Watu wanauliza sana kama hii ya serikali ya Japani (MEXT ni wizara yao ya elimu) inalipa kweli, jamani inalipa, ada hutoi hata mia, tiketi ya ndege kwenda na kurudi juu yao, na kila mwezi mtu wa masters anapata yen 144,000 (digrii ya kwanza 117,000). Mimi niko Fukuoka inanitosha na chenji inabaki, kodi ya chumba sio ya kutisha na kuku wa halali wa kugandishwa kwenye supamaketi za Gyomu Super ni bei chee. Wa Tokyo waulizeni wenyewe, kale kanyongeza ka yen 2,000 au 3,000 ka maeneo fulani sidhani kama kanawafikisha popote hahaha.

Kila mwezi lazima ukasaini chuoni mwenyewe, hujasaini hupati kitu. Na hela ya kwanza inachelewa, maelekezo yao yenyewe yanasema uje na kama dola 2,000, usidharau, kuna godoro, kuna sufuria, na ukipanga nje ya hosteli nyumba nyingi zina ile reikin, yani unampa mwenye nyumba asante ya kodi ya mwezi mzima na hairudi, hata hujalala kwake!

Sasa nyota niliyokata. Wengi tulioomba kupitia ubalozi wa Japani tunaingia kama kenkyusei, yani mwanafunzi wa utafiti, maana yake masters bado hujaanza, kuna mtihani wa chuo mbele yako na ukifeli ufadhili ukiisha unafungasha. Hapo ndo profesa anakubeba au anakuacha. Kuna maabara kozi imeandikwa ya Kiingereza ila zemi (semina ya maabara) ya kila wiki ni Kijapani mwanzo mwisho, unabaki kutikisa kichwa tu kama umeelewa. Kwa hiyo kabla hujamuomba profesa barua ya kukubaliwa tafuta wanafunzi wake wa kigeni, waandikie, uliza wanaongea lugha gani mle ndani, wanatoka saa ngapi usiku na waliopita walimaliza kwa wakati au vipi. Ukubwa wa jina la chuo hautakusaidia saa nne usiku uko maabara.

Matibabu ukiwa na bima ya taifa unalipa asilimia 30 tu, meno yangu yote nimetengenezea huku. Mwenye familia ajue posho ya mke na watoto hamna.