Duka la dawa lililokataa kuniuzia
Nilikwenda katika duka moja la dawa hapa Mbeya, karibu na Mwanjelwa, kuulizia fentamini, kidonge cha kupunguza hamu ya kula, nikiwa nimesikia sifa zake kwa jirani. Mfamasia hakuniuzia. Aliniomba cheti cha daktari, akanipima shinikizo la damu, ambalo lilikuwa juu, kisha akanieleza kwa utulivu kwamba dawa hiyo huamsha mwili kama mtu aliyeshtuka: moyo huenda mbio, kinywa hukauka, usingizi hupotea, na shinikizo huweza kupanda zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, presha ya macho au ujauzito haimfai kabisa.

Nilipomuuliza kama inafanya kazi, hakukana: hupunguza uzito kwa kiasi, ikiambatana na mlo na mazoezi, lakini Marekani, ilikoidhinishwa mwaka 1959, imeruhusiwa kutumiwa kwa muda mfupi tu, na uzito hurudi kwa wengi wakiiacha. Alinikumbusha kuwa fenfluramini, iliyokuwa ikitumiwa pamoja nayo, iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo, na sibutramini, dawa nyingine ya kupunguza uzito, nayo ikaondolewa mwaka 2010.

Foleni ilikuwa ndefu, na mazungumzo yale ya afya yangu yalisikika na kila aliyekuwa nyuma yangu, jambo lililoniudhi. Hata hivyo nimerudi mara mbili kupimwa presha, na viazi vya Juni nimevipunguza, ingawa kwa baridi hii si kazi ndogo.