Alaimenti baada ya kubadilisha reki endi: mashine ya 3D inastahili hela yako?

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua huduma ambayo watu wengi hulipia bila kujua wamepewa nini: wili alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za tairi, hasa ile ya baada ya kugusa stelingi. Gari lililoko hapa ni Toyota IST ya toleo la kwanza, NCP61. Limebadilishwa reki endi zote mbili (fimbo zinazotoka kwenye reki, mtambo wa stelingi unaogeuza tairi) na tairodi endi zote mbili (viungo vya mwisho vinavyoshika upande wa tairi), na mwenyewe ameambiwa na fundi lile neno maarufu: "Nimehesabu mizunguko wakati wa kufungua, nimerudisha ilipokuwa, huna haja ya alaimenti."

Tupige hesabu kidogo. Reki endi yenye nyuzi za milimita 1.5, ukiizungusha mara moja, urefu wake unabadilika kwa milimita 1.5. Mkono wa stelingi kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu ya tairi, una urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo tairi linageuka karibu 0.7 ya digrii. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 60, hiyo ni milimita 7 na nusu za tou, yaani tofauti ya umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia, ukipima mbele yake na ukipima nyuma yake. Toyota ndogo nyingi za aina hii zinataka jumla ya tou iwe karibu na sifuri, na nafasi ya kukosea ni milimita 2 hivi, kuzidi au kupungua. Robo mzunguko tu imeshaimaliza nafasi hiyo. Halafu spea mpya haina lazima ya kulingana urefu na ile ya zamani, hata kama boksi linasema ni ya gari hilo hilo. Kuhesabu mizunguko kunakufikisha kwenye duka la alaimenti bila kula tairi. Kazi yake inaishia hapo.

Sasa, utafanyia wapi? Kamba bado ipo, na msiidharau. Fundi makini mwenye kamba mbili, stendi nne na rula anaweza kupata tou nzuri. Hawezi kukupimia kasta (mhimili wa kugeuzia tairi unavyoinama mbele au nyuma), na kemba (tairi linavyolala ndani au nje) atakisia. Ipo mashine ya magurudumu mawili ya mbele: inapima vizuri, ila inachukulia kwamba ekseli ya nyuma imenyooka. Hapo ndipo inapoangusha watu, kwa sababu gari lililopiga shimo au ukingo wa barabara kwa tairi la nyuma linaweza kuwa linatembea upande kidogo, na usukani hautakaa katikati hata ufanyeje mbele. Ya tatu ni ya 3D, yenye kamera na vioo vinne kwenye rimu. Mimi nasema lipia hii. Lakini usiende kukaa kwenye benchi na kushika simu, maana mashine nzuri mkononi mwa mvivu ni hasara kuliko ile kamba.

Kabla gari halijapanda, upepo wa tairi zote nne upimwe kwa kile kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha fundi anyanyue mbele na kutikisa tairi: mikono ikiwa kushoto na kulia, mchezo mara nyingi ni wa tairodi, reki endi au reki yenyewe, mikono ikiwa juu na chini, mshuku beringi ya habu au boljointi. Bushi za wishboni, ule mkono wa chini unaoshikilia tairi, zitazamwe kama zimepasuka, kwa kuzibana na mtaimbo. Kukiwa na mchezo popote, simamisha kazi. Namba utakazowekewa zitahama ukikanyaga breki ya kwanza. Na kama wishboni ilifunguliwa wakati wa matengenezo, boliti za bushi zinatakiwa kukazwa gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa tairi likiwa linaning'inia, bushi inabaki imejipinda na itapasuka mapema.

Gari likishapanda, tazama wanachagua gari gani kwenye kompyuta. IST halikuuzwa kila nchi kwa jina hilo, kwa hiyo mashine nyingine hazina. Wengine hubonyeza Toyota yoyote ili mistari iwe ya kijani. Mwambie atafute Scion xA, ndilo IST hili la kwanza lilivyouzwa Marekani. Kisha vioo vifungwe, gari lisukumwe nyuma na mbele taratibu ili mashine isahihishe mpindo wa rimu. Hatua hii ikirukwa, rimu iliyopinda inasomeka kama tou mbovu, na fundi anarekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Usukani nao uko hivi. Unyooshwe, ufungwe kwa kile chuma cha kushikia, ndipo tairodi ziguswe. Kama gari ni la pawa ya mafuta, injini iwe inaunguruma wakati wa kuunyoosha. Fundi akikuambia ataung'oa usukani na kuurudisha umenyooka, mkatalie. Nyuma yake kuna waya wa mzunguko wa airbag ambao una mizunguko yake maalumu, na ukikaa vibaya utakatika ukikata kona hadi mwisho. Isitoshe, reki itakuwa haiko katikati: hesabu mizunguko ya usukani kwenda kushoto na kwenda kulia, ikipishana sana ujue tatizo liko chini, kwenye tairodi.

Sogeza kamera hapa. Huu ni mpira wa reki upande wa kulia. Mnaona mikunjo ilivyojisokota kama nguo iliyokamuliwa? Fundi amezungusha reki endi bila kulegeza klipu ndogo ya mbele, mpira ukazunguka nayo. Baada ya muda utachanika, maji na mchanga vitaingia, na reki nzima inaanza kula kutu. Legeza klipu, zungusha, hakikisha mpira umekaa wenyewe, rudisha klipu. Ni kazi ya dakika moja. Loknati, ile nati ya kufungia, ikazwe huku tairodi endi imeshikwa kwa spana ya pili isigeuke, kisha asome mashine tena baada ya kukaza, kwa kuwa kukaza kwenyewe huhamisha tou. Na ile nati ya tairodi endi yenye pini: tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo. Usirudishe nyuma.

Karatasi sasa. Dai ya kabla na ya baada, zote mbili. Angalia kwanza kama namba ni za desimali au za dakika, maana 0.10 ya digrii ni dakika 6, wakati 0°10' ni dakika 10, na watu huchanganya kila siku. Halafu usitosheke na jumla ya tou. Chukua mfano: kushoto digrii 0.45, kulia −0.35. Jumla ni 0.10, imepakwa kijani, fundi anafurahi. Barabarani tairi mbili zitagawana zenyewe 0.05 kila moja, ambayo ni kuhama kwa 0.40, na kwa stelingi ya uwiano wa 16 (usukani digrii 16, tairi digrii 1) usukani wako utapinda zaidi ya digrii 6. Tairi haziliki, ila dereva anakereka.

Kemba na kasta kwenye IST hazina boliti ya kurekebishia. Toyota kwa kawaida hukubali tofauti ya kushoto na kulia hadi dakika 45, yaani 0.75. Kemba ikizidi hapo, kwanza tafuta kilichopinda: wishboni, nako, shokapu. Kama vyote ni vizima, kuna boliti nyembamba za kuweka pale shokapu inapoungana na nako. Nyuma ni ekseli moja ya bomba, haina marekebisho ya kiwandani; ikisoma vibaya ni bushi au ekseli yenyewe, na duka litakalokuandikia kwamba limerekebisha nyuma ya gari hili, liulize limegusa nini.

Gari lenye VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, linaweza kuhitaji pia sensa ya pembe ya usukani iwekwe sifuri kwa skana, vinginevyo taa inaweza kuwaka ukiwa umenyoosha kabisa.

Ukitoka, jaribu kwenye lami tambarare. Likivuta upande mmoja wakati karatasi ni nzuri, badilishana tairi za mbele kushoto na kulia. Mvuto ukihama upande, tairi ndilo bovu. Usukani ukitetemeka kwenye 80 hadi 100 na chini ya hapo umetulia, hiyo kwa kawaida ni balansi, na mashine ya alaimenti haiwezi kuitibu.