Unga wa kuotesha mizizi, nimeujaribu kwenye bogenvilia hapa Tanga

Nimeununua duka moja la pembejeo huku Ngamiani, kikopo elfu tisa, na kiukweli unafanya kazi, maelezo ya muuzaji ndo yaliniponza. Aliniambia pakaza mwingi kama mbolea. Jamani huu sio mbolea, haulishi mmea kitu, ni homoni inaitwa IBA, jamii ya oksini, wangu umeandikwa asilimia 0.3, kazi yake kuziambia seli za shina anzeni mizizi hapa. Mmea wenyewe unatengeneza oksini kule juu kwenye machipukizi na majani machanga inashuka mpaka chini, ukikata pingili inajikusanya pale ilipokatwa (hata uigeuze kichwa chini bado inafata njia yake ileile), sasa unga unaongezea tu.

Raundi ya kwanza nlipaka mpaka pingili zikawa nyeupe, zote 15, wiki ya sita nachomoa nakuta chini pamevimba mizizi hakuna, nyingine zimeoza. Oksini ikizidi inaugeukia mzizi, unadumaa au hautoki kabisa. Iliniuma sana, maana zilitoka kwenye ule mti wa shangazi yangu wa Raskazone, maua rangi ya chungwa, na mti wenyewe ulikuwa unakatwa kupisha ukuta.

Nikarudi kuomba matawi ya mwisho. Safari hii nikamimina unga kidogo kwenye kisosi, nachovya ncha tu, nakung'uta, natoboa tundu kwa kijiti kwanza ili unga usifutike, viriba vya mchanga wa mto chini ya mwembe, na juu nikaacha majani mawili madogo, zamani nlikuwa nayapukutisha yote kumbe nafukuza oksini ya bure. Kumi na unga, kumi bila. Za unga zimeshika 8, mizizi imezunguka pande zote, za bila zimeshika 4 na vimizizi viwili vitatu upande mmoja.

Kasoro, kopo halina tarehe ya kuisha muda na dukani lilikuwa limekaa juani. Matembele na muhogo msipotezee hela, vinaota vyenyewe, na wa Muheza michungwa endeleeni kubebesha (kuunganisha miche).

Nyota 4 kati ya 5. Mche mmoja nimempelekea shangazi, kaupanda palepale pembeni ya ukuta.