Nimelipia filamu za masumbwi ya kale: Johnson namwona, Dempsey namwona, Langford yuko wapi?

Anayeapa kijiweni kwamba Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu 1919, angemlaza Jack Johnson, mweusi wa kwanza kuushika mkanda huo, kabla ya raundi ya tatu, muulize kwanza amewaona wapi wakipigana. Wengi wetu tunabishana kwa rekodi za kwenye karatasi na picha mbili tatu za mnato. Ndiyo maana nililipia huduma moja ya mtandaoni yenye filamu za masumbwi za uzito wa juu tangu miaka ya 1900 hadi 1920 na ushei. Jina silitaji, kwa kuwa nina lawama nayo.

Niseme uzuri wake kwanza. Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, takriban picha 16 kwa sekunde. Zikichezwa kwa picha 24 za siku hizi, mabondia wanarukaruka kama kuku aliyechinjwa, na vijana wanacheka wakisema wale hawakujua ngumi. Huduma hii imerudisha mwendo wa kawaida, na ukitaka unaweza kuupunguza zaidi. Hapo ndipo Johnson anapoonekana ni nani.

Anza na Sydney, 26 Desemba 1908, Johnson na Tommy Burns wa Kanada, bingwa wa wakati huo. Burns ananyanyua mkono na Johnson ameshaufikia, anaudaka kwa kiganja au anambana musuli wa juu ya kiwiko, ngumi inafia njiani. Huku anapiga soga na watu walio kando ya ulingo! Raundi ya 14 polisi waliingilia kati na kamera zikazimwa, ili dunia isione bingwa mweupe akilala chini. Nilirudia kipande hicho mara nyingi kuliko kingine chochote.

Reno, Nevada, 4 Julai 1910, ni kirefu mno na pengine kitakuchosha. James J. Jeffries, bingwa mweupe wa zamani, alishastaafu bila kupoteza pambano, analima zake, wakamtoa shambani aje kumrudisha Johnson mweusi mahali wanapodhani ni pake. Walipanga raundi 45, zikaisha ya 15, Jeffries akiwa ameangushwa kwa mara ya kwanza maishani mwake ulingoni. Maelezo yanayoambatana na filamu ni mazuri hapa: yanataja ghasia zilizofuata miji mingi ya Marekani, watu weusi wakauawa, na sheria ya mwaka 1912 iliyokataza kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja hadi jingine. Ilidumu hadi 1940. Ukiona nakala nyingi za wakati ule zimechakaa au zimekatika, sheria hiyo ina mchango wake.

Sasa Dempsey. Toledo, Ohio, 4 Julai 1919, dhidi ya bingwa Jess Willard, jitu lililomzidi zaidi ya kilo 20. Willard anaanguka mara saba raundi ya kwanza. Inatisha, sikatai. Lakini itazame polepole uone Dempsey anasimama wapi: kichwani pa mwenzake, anamsubiri ainue magoti amtwange tena. Kanuni za siku hizo zilimruhusu. Zilipobadilika akatakiwa kwenda kona ya mbali kila anapomwangusha mtu, refa asianze kuhesabu mpaka afike, alichelewa kwenda, na kuchelewa huko kukamgharimu Chicago mwaka 1927 mbele ya Gene Tunney, aliyepata sekunde za ziada za kuamka. Tena Willard wa Toledo alikuwa na miaka 37 na hakuwa ametetea mkanda tangu 1916. Mshabiki wa Dempsey atanijibu kwamba Jeffries wa Reno naye alikuwa mzee aliyekaa bure miaka kadhaa. Kweli. Kwa hiyo mimi Johnson simpi kura kwa Reno, nampa kwa Sydney, kwa ile mikono.

Lawama sasa. Huduma ina orodha yake ya mabondia bora, wenye nyota, na Dempsey yuko juu bila hata sentensi moja ya sababu. Sam Langford hayumo katika kumi bora! Mtu wa sentimita 170 hivi, mzaliwa wa Nova Scotia, aliyekwenda raundi zote 15 na Johnson mwaka 1906 akiwa mwepesi kwa zaidi ya kilo 10, akashindwa kwa pointi. Johnson alipopata mkanda hakumpa tena nafasi. Dempsey naye alikaa na mkanda miaka saba, Harry Wills, mweusi mwingine, akisubiri hadi mvi. Mabondia weusi hawa waliachwa wapigane wenyewe kwa wenyewe, tena na tena. Joe Jeannette na Sam McVea walikwenda raundi 49 jijini Paris mwezi Aprili 1909, ila nilipolitafuta pambano hilo nilipata aya moja ya maandishi. Langford mwenyewe ana vipande vichache. Najua kisichopigwa picha hakiwezi kuonyeshwa, lakini orodha ingeweza kulisema hilo badala ya kugawa nyota.

Kingine ni kelele za watazamaji walizobandika juu ya filamu zisizo na sauti. Zizime, zipo kwenye mipangilio. Maelezo ni ya Kiingereza tu, na picha ya ubora wa juu inamaliza bando upesi. Ya ubora wa kati inatosha kabisa, filamu zenyewe hazina cha zaidi cha kuonyesha.

Kwa bei ya mwezi mmoja naipendekeza kwa anayependa kubishana akiwa na ushahidi. Malipo ya mwaka mzima siyashauri mpaka waongeze mapambano ya Langford na Wills. Ukijiunga, usianze na Toledo kama wanavyokupangia. Anza na Sydney, polepole, na uangalie mkono wa kushoto wa Johnson tu.