Früh am Dom, Köln: kwangu ndiyo nyumba ya kula Kijerumani

Kama utapata mlo mmoja tu mjini Köln, Ujerumani, nenda Früh am Dom, hatua chache kutoka Kanisa Kuu, uagize Sauerbraten. Ni nyama ya ng'ombe iliyolazwa siku kadhaa kwenye siki na viungo, kisha ikapikwa polepole mpaka ikalainika kabisa. Zamani mjini hapa walitumia ya farasi, kwa hiyo popote ninapoila huuliza kwanza. Mchuzi wake ni mzito, wa kahawia, una zabibu kavu: uchachu unatangulia, utamu unafuata. Aliyekulia kwenye ukwaju ataupenda mara moja. Pembeni huja madonge ya viazi na matofaa yaliyopondwa. Donge usilikate kwa kisu. Livunje kwa uma, ndipo litanyonya mchuzi vizuri.

Nyumba hii ya bia ilifunguliwa mwaka 1904. Meza ni za mbao, na pakijaa mnakaa na watu msiowajua. Anayetaka utulivu wa kuongea taratibu atafute kwingine.

Mimi hasa nawapenda wahudumu wao. Wanaitwa Köbes, wanavaa buluu na aproni, na hawambembelezi mtu. Shemeji yangu kutoka Tanga aliomba maji ya kawaida. Köbes mmoja mzee akamuuliza kama amletee na sabuni na taulo. Nilipomtafsiria alicheka mpaka machozi, na kuanzia hapo wakawa wanataniana kwa ishara tu. Mtu asikwambie ni ukorofi. Ni utani wa Köln wenyewe, na ukijibu kwa utani umeshapata rafiki.

Bia yao ni Kölsch, jina ambalo kwa mkataba wa mwaka 1986 ni la watengenezaji wa Köln na jirani zake tu. Huja kwenye glasi nyembamba ya mililita 200, kwa sababu povu lake halikai. Köbes hupita na sinia la mviringo lenye matundu ya kushikia glasi; yako ikiisha anaweka nyingine bila kuulizwa, anachora mstari kwenye kadi iliyo chini ya glasi. Umetosheka? Funika glasi kwa kadi hiyo. Usipofunika, zitaendelea kuja. Na usiipoteze, maana hesabu ya bia zako iko hapo.

Kwa asiyekunywa kuna juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi, tamu sana na chakula. Nguruwe ametawala menyu, kuanzia mguu wa kuoka hadi soseji ya damu, kwa hiyo asiyemla aulizie hata mafuta ya kukaangia. Shemeji alikula Reibekuchen, chapati ndogo za viazi vilivyokwaruzwa, kingo zake zikikatika kwa mlio, akaongeza sahani ya pili.

Wikendi weka nafasi mapema. Bahashishi ni kama asilimia 10. Mtajie Köbes jumla unayolipa wakati unampa hela, usiiache mezani.