Oringi za trekta dogo: ipi ununue haidroliki inapovuja

Msimu wa kuchavanga majaruba kule Usangu haumsubiri mtu. Maji yakishafunguliwa mferejini, trekta linatakiwa liwe shambani alfajiri, na hapo ndipo unapokuta kidimbwi cha oili chini ya mikono ya nyuma. Unapanda bodaboda kwenda kutafuta oringi, yaani pete ya mpira inayoziba oili isivuje kwenye viungio, na duka la kwanza lenye mpira mweusi unaofanana na wako linakuuzia.

Mwaka mmoja nikiwa Igurusi nilifanya hivyohivyo. Oringi zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zikakaa vizuri kwenye silinda ya kunyanyulia. Siku ya tatu zilikuwa zimevimba na kulainika kama andazi lililolowa chai. Fundi aliyezikagua Uyole aliniambia ni EPDM: mpira bora kabisa kwa maji na kwa mafuta ya breki, lakini unainywa oili ya haidroliki mpaka unaharibika. Oili yote ilimwagika, na siku nne za kazi zikaenda nayo. Ndiyo maana naandika mpangilio huu wa aina za mpira wa oringi, kuanzia inayofaa zaidi, kwa ajili ya mwenye Kubota, Yanmar, Iseki au trekta lolote dogo la farasi 20 hadi 50.

Nafasi ya kwanza: nitraili (NBR) ya ugumu 70

Nitraili ni aina ya mpira, na 70 ni kipimo cha ugumu wake; namba ikiwa kubwa, mpira ni mgumu zaidi. Naiweka juu bila kusita. Imetengenezwa kwa ajili ya oili zitokanazo na mafuta ghafi, yaani oili ya haidroliki ya kawaida na ile ya matrekta inayotumika kwa pamoja kwenye gia, haidroliki na breki za ndani ya oili. Inafanya kazi kuanzia kama nyuzi 30 chini ya sifuri hadi nyuzi 100 za Selsiasi. Hata asubuhi ya Julai kule Kitulo au Njombe, barafu ikiwa juu ya majani, hujakaribia mpaka wake wa baridi. Na oili ya trekta linalofanya kazi vizuri haifiki 100.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu wa nyanda za juu tunalaumu baridi. Trekta linavuja saa kumi na mbili asubuhi, jua likipanda na oili ikipata joto linaacha, basi tunasema ni hali ya hewa. Hapana. Oringi hiyo imezeeka. Ikiwa baridi inakuwa ngumu na haijazi tena nafasi yake; ikipata joto inalainika kidogo na kuziba. Itoe uitazame: iliyochoka imebapa upande mmoja, haina tena umbo la mviringo ukiikata. Ikunje kati ya vidole. Ikionyesha nyufa ndogondogo, kazi yake imekwisha. Nitraili mpya ya bei ya kawaida inatosha hapo, huna haja ya mpira wa kifahari.

Ya pili: nitraili ya ugumu 90

Mpira ni uleule, lakini mgumu zaidi. Hii inunuliwe kwa ajili ya sehemu zenye presha kubwa: mdomo wa kutolea oili kwenye pampu, na viungio vya hosi vyenye uso bapa. Matrekta madogo mengi yana presha ya baa 130 hadi 200 hivi. Oringi ya ugumu 70 isiyo na kitu cha kuiegemeza huanza kusukumwa kwenye upenyo wa vyuma presha ikipita takribani baa 100. Ukiitoa utaona ukingo mmoja umeng'atwa vipande vidogo, kama panya ameula. Ukiona hivyo, usirudishe 70. Na kama ulikuta ringi nyembamba nyeupe ya tefloni kando ya oringi, irudishe mahali pake, upande usiotoka presha. Nimeona mafundi wakiitupa kwa kudhani ni takataka.

Usiweke 90 kila mahali, hata hivyo. Kwenye chuma cha zamani chenye mikwaruzo na presha ndogo, 70 inajaza vizuri zaidi.

Ya tatu: FKM, wengi wanaiita Viton

Viton ni jina la biashara la kampuni moja, ila mtaani limekuwa jina la mpira wote wa aina hiyo. Unastahimili joto hadi nyuzi 200 na haushindwi na oili. Bei yake ni mara kadhaa ya nitraili. Inastahili pesa zako mahali pamoja tu: pale ambapo nitraili unayoitoa imekauka na kupasuka kila baada ya muda mfupi, kwa mfano pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini ya moto. Kwenye mikono ya nyuma na kwenye hosi ni pesa ya bure, nunulia oili.

Jambo moja zito. Mafundi wengine hutambua mpira kwa kuuchoma kwa kiberiti na kunusa. FKM ikiungua hutoa asidi yenye floridi inayokula ngozi na mapafu. Usiichome, na ukikuta oringi zilizoungua kwenye trekta lililowahi kushika moto, usizishike kwa mkono mtupu.

Ya nne na ya tano

HNBR iko katikati ya nitraili na FKM, inafika kama nyuzi 150. Ukiipata kwa kipimo chako ni nzuri, lakini usiitafute. Zile oringi za kijani kwenye maboksi ya AC za magari mara nyingi ndizo hizo, ila rangi si ushahidi wa kutosha. Poliyurethani ni shujaa wa mikwaruzo, inafaa sili za pistoni na fimbo ya silinda. Aina za kawaida haziyapendi maji ya moto, hivyo kama oili yako imegeuka rangi ya maziwa, toa maji kwanza.

Usizinunue kabisa

Silikoni inachanika upesi na haihimili presha. EPDM nimeshaisema. Oringi za kukata kwenye tyubu ya tairi ziko kundi hilohilo, kwa kuwa tyubu ni mpira unaovimba kwenye oili. Gundi ya gasketi na tepu nyeupe ya mabomba visiguse kiungio kinachozibwa na oringi: vipande hukatika, vinasafiri na oili mpaka kwenye valvu, na hapo hutatengeneza mvujo tena, utatengeneza valvu.

Kipimo

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, hata kwa aliyechagua mpira sahihi. Matrekta ya Kijapani yanatumia vipimo vya JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, vyenye herufi P na G. Unene wa oringi za P ni 1.9, 2.4, 3.5 au 5.7 mm. Maboksi mengi ya rejareja yana vipimo vya inchi: 1.78, 2.62, 3.53, 5.33. Ya 3.5 na 3.53 zinaazimana bila shida. Lakini 1.78 mahali pa 1.9 ni kosa. Tofauti ya 0.12 mm inaonekana si kitu, ila oringi ya 1.9 inabanwa kama 0.4 mm tu ili izibe. Umeshaondoa karibu theluthi. Na ukiweka 2.62 mahali pa 2.4 kwenye sehemu inayocheza, italiwa.

Pima kwa kalipa, si kwa jicho, na pima pia mfereji wa chuma inamokaa oringi, kwa sababu oringi ya zamani imeshabadilika umbo. Pakiti za Kijapani za utaratibu wa zamani zinaandikwa 1A kwa nitraili 70, 1B kwa nitraili 90, na 4D kwa FKM. Ukiona "1A P20", umeshajua mpira na kipimo, huhitaji maelezo ya muuzaji.

Pakiti isiyo na maandishi? Nunua moja ya ziada, ipime, iloweke usiku kucha ndani ya dizeli. Nitraili itavimba kidogo. EPDM na mpira wa tyubu zitakua hadi uone kwa macho. Hiyo ya majaribio uitupe.

Epuka pia oringi zilizotundikwa kwenye waya mlangoni mwa duka, ziwe za Mwanjelwa, Makambako au Mafinga. Jua na ozoni hupasua nitraili kabla haijagusa oili, na penye mashine ya kuchomelea jirani ozoni ni nyingi zaidi. Chukua zilizokaa gizani, kwenye mfuko uliofungwa.

Kabla ya kufungua

Shusha jembe chini, zima injini, sukuma mkono wa haidroliki mbele na nyuma ili presha iishe. Usitafute mvujo kwa kidole: mshipa mwembamba wa oili yenye presha hupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja hata kama jeraha ni dogo kama la sindano. Tumia kipande cha boksi. Oringi ya zamani itoe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, maana bisibisi inakwaruza mfereji. Mpya uipake oili ileile ya trekta, na usiinyooshe zaidi ya inavyohitajika kupita. Kama fimbo ya silinda ina mikwaruzo inayonasa ukucha, hakuna oringi itakayokusaidia mpaka fimbo ishughulikiwe.

Ukishafunga, nyanyua na kushusha mara kumi bila mzigo, ongeza oili, kisha fanya kazi kama saa moja. Rudi uangalie oili ikiwa ya moto, na uangalie tena kesho yake alfajiri ikiwa baridi.