Kikaratasi chenye harufu ya sanduku la bibi

Nimeisoma The Man in the Brown Suit ya Agatha Christie ndani ya boti ya kwenda Mkoani, Pemba, na mkondo wa bahari pale Nungwi sikuusikia. Riwaya ya 1924, lakini Anne huyu, msichana mhusika mkuu! Kaona mtu akiangukia reli London, kaokota kikaratasi kinachonuka dawa ya nondo, na vijipesa alivyobaki navyo karibu vyote kakatia tiketi ya meli kwenda Cape Town. Harufu hiyo naijua: ndiyo ya sanduku la kanga la bibi. Mapenzi ya Anne yamekuja mbio mno, sikuyaamini. Dada yangu kayapenda hayo hayo. Tumebishana mpaka gatini. Shajara ya Sir Eustace, mbunge aliyepanda meli moja na Anne, ndiyo iliyonichekesha hasa, abiria wa mbele kageuka kunitazama.